Mama Aache Kazi Arudi Shuleni?

Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto watatu, ametuandikia akiuliza hivi: "Nina kazi, si kubwa, lakini yatulisha. Je, yanipasa kuiacha nirudi shuleni, hali watoto wangu wenyewe ni wadogo?" Barua ya namna hii haijibiwi kwa neno moja. Badala ya kumpa amri, tutamsimulia habari za nyumba moja ya Rumangabo tunayoijua. Wenyewe wametupa ruhusa, mradi tusiwataje majina.

Rumangabo ni mahali palipo zaidi ya kilomita 40 kaskazini ya Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru, karibu na mlima Mikeno. Watu hupajua kwa mambo mawili: kambi ya jeshi, na makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Bwana wa nyumba hiyo alikuwa mlinzi wa hifadhi, au wa parki, kama tusemavyo kwetu. Bibi alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Bibi huyo alikuwa na cheo kiitwacho D6, yaani diploma ya Serikali apewayo mtu akimaliza miaka sita ya sekondari. Katika Kongo mwalimu hupimwa kwa karatasi yake. Siku zile mwenye kuongeza miaka mitatu katika chuo cha ualimu alipata cheo cha G3, akaweza kufundisha sekondari, na mshahara wake ukapanda. Lakini kuna jambo la pili, ambalo watu wa mbali hawalijui. Walimu wengi hawamo katika daftari la mishahara la Serikali. Hufundisha mwaka baada ya mwaka wakingoja namba yao. Bibi aliingoja yake miaka saba. Kwa hiyo shauri la kuacha kazi lilikuwa zito kwake, maana kuacha darasa si kama kuacha jembe shambani, ukalikuta kesho pale pale.

Shauri hilo lilizaliwa mwezi wa Septemba 2019, Serikali ilipoondoa malipo ya shule za msingi. Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuandika hivyo, ikakaa kwenye karatasi miaka 13. Jioni moja bwana akasema, "Mama watoto, fedha tulizokuwa tukiwalipia hawa, sasa zitakulipia wewe." Neno zuri, nasi twampongeza, kwani waume wa kusema hivyo si wengi. Mama mkwe alikataa. "Binti yangu," akasema, "mwenye mtoto mgongoni hasomi. Kitabu msomee huyu mdogo." Yule mzee hakuwa mjinga. Aliuliza ni nani atakayelima maharagwe, na ni nani atakayepika wakati mwanawe yuko porini. Maswali hayo hayakupata jibu siku ile.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Kisha ikaja tarehe 24 Aprili. Karibu na Rumangabo walinzi wa hifadhi walishambuliwa na watu wenye silaha, wakafa walinzi 12, dereva wao mmoja, na raia wanne. Tangu hifadhi ianzishwe, walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Pale Rumangabo kimekuwako chumba cha kushonea ambamo wajane wao hupata kazi ya cherehani. Bwana wa nyumba yetu hakuwa zamu siku hiyo.

Tangu hapo shauri likageuka. Mbele ya kifo hicho mke na mume waliogopa jambo lile lile, kila mmoja akalitolea hukumu yake. Bibi alisema: "Ukifa nami niko shuleni bila mshahara, watoto watakula nini?" Bwana akajibu: "Nikifa nawe una D6 tu, watakula nini miaka ishirini ijayo?" Wasomaji wapenzi, tumeyapima maneno hayo mara nyingi, wala hatujaona lililo zito kuliko mwenzake. Wengi hudhani ya kwamba mtu aachaye kazi ni mpenda makuu, na abakiye ni mwoga. Katika nyumba ile haikuwa hivyo. Wote wawili walikuwa wakiwatetea watoto wale wale.

Rafiki akawaletea njia ya tatu. Bibi ashike namba yake na mshahara wake, binamu yake kijana asimame darasani badala yake, wagawane. Desturi hiyo twaijua, na wasomaji wetu waijua pia. Tuiite kwa jina lake: ni wizi, na aibiwaye ni mtoto wa darasa la tatu. Bibi aliikataa, lakini ilimchukua siku kumi kuikataa, naye alituambia hivyo bila kuficha.

Ndipo walipomwendea padre. Padre hakusema nenda, wala hakusema baki. Aliwakumbusha mfano wa Injili ya Luka, juu ya mtu atakaye kujenga mnara, akawatuma wakahesabu. Wakachukua daftari kuukuu la mtoto. Upande mmoja waliandika karo ya chuo, kodi ya chumba huko Goma, nauli ya pikipiki, na mafuta ya kupikia. Upande wa pili mshahara wa bwana na magunia ya maharagwe ya mashamba mawili. Kila mwaka miezi miwili ilibaki bila kitu. Miezi hiyo wakaiziba kwa zamu yao ya likelemba na kwa mbuzi watatu.

Hesabu ilikuwa ya haki, ila watoto hawakuandikwa ndani yake. Mtaguso wa Vatikani, mwaka 1965, ulifundisha ya kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Watu hupenda kuwatajia akina mama neno hilo ili wasiende mahali. Akina baba waendao migodini miaka mitano hawatajiwi.

Bibi aliandika barua kuomba aachiliwe kwa muda. Jibu halikuja. Mwisho wa mwaka 2020 akaenda bila jibu, na kitinda mimba mgongoni. Watatu wakabaki kwa bibi yao. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulitapika moto, na siku chache baadaye watu wa Goma wakaamriwa kuhama. Akaenda kwa miguu hata Sake na mtoto wake. Mwaka ule ule binti yake wa pili, msichana wa miaka minane, akarudia darasa. Huko nyuma alikuwa wa mbele katika masomo.

Mwezi wa Oktoba 2022 vita vya M23 vikafika Rumangabo. Maelfu ya watu wakakimbilia Kanyaruchinya, wakalala chini ya maturubai. Mama mkwe alifika Goma na wajukuu watatu na jirani zake, nacho chumba kile kilichokodiwa kwa ajili ya vitabu kikalaza watu tisa. Hatutasema ya kwamba Mungu aliwapangia shule ili wapate kimbilio, kwa maana majirani wao waliobaki matopeni nao ni wa Mungu.

Bibi alimaliza mwaka 2023, akapata darasa katika shule ya sekondari. Namba yake ya zamani ilikuwa imepotea. Alianza kungoja upya. Naye alikuwa bado akingoja hapo Goma ulipotekwa, Januari 2025, benki zikafungwa, na hata wenye namba wakabaki mikono mitupu.

Tulimwuliza kama angefanya vile tena. Akasema angekwenda, lakini yule binti angemchukua, hata kama ni kulala watatu kitanda kimoja. Msichana huyo sasa ni mkubwa. Mama yake akijifunga kitambaa ili atoke, hata kama ni kwenda sokoni, bado huuliza kwanza, "Kwa siku ngapi?"