Joto la Chaji ya Kasi na Uhai wa Betri ya Rununu

Utangulizi

Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe nchini Kenya mwaka wa 2007, simu ya mkononi imevuka mipaka ya kuwa chombo cha mawasiliano tu. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, rununu ni kibeti, ni maktaba na ni daftari. Betri yake inapodhoofika, mengi hukwama. Ndiyo maana swali linalozuka mara kwa mara mabwenini linastahili jibu lenye mashiko: je, chaja za kasi, ambazo huifanya simu ipate moto, huiua betri kabla ya wakati wake? Wapo wanaoshikilia kuwa haraka haraka haina baraka, na kwamba chaja ya polepole ndiyo salama daima. Wapo pia wanaodai kuwa watengenezaji wameshayatatua matatizo yote. Makala haya yananuia kubainisha ukweli ulioko baina ya kauli hizo mbili.

Betri Hufanyaje Kazi?

Takriban simu zote za kisasa hutumia betri ya ioni za lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka wa 1991. John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2019 kwa mchango wao katika uvumbuzi huo. Ndani ya betri mna ncha mbili, chanya na hasi, na baina yake mna kimiminiko kiitwacho elektroliti. Simu inapotiwa chaji, ioni za lithiamu hutoka kwenye ncha chanya, hupenya elektroliti na kujipachika katika tabaka za grafiti zilizoko kwenye ncha hasi. Simu inapotumika, ioni hizo hurejea zilikotoka. Betri huzeeka kwa sababu, katika safari hizo za kwenda na kurudi, baadhi ya ioni hunaswa njiani zisiweze kusafiri tena.

Chanzo cha Joto

Kila betri ina ukinzani wa ndani, na umeme unapopita penye ukinzani huzalisha joto. Kiasi cha joto hilo hakiongezeki sambamba na mkondo, bali hufuata kipeo cha pili cha mkondo. Tuseme ukinzani ni omu 0.1. Mkondo wa ampea 2 utazalisha wati 0.4 za joto, ilhali mkondo wa ampea 4 utazalisha wati 1.6. Mkondo umeongezeka maradufu, lakini joto limeongezeka mara nne. Ni kweli kwamba muda wa kuchaji nao hupungua kwa nusu. Hata hivyo, jumla ya joto bado huwa maradufu, na simu hupata muda mfupi zaidi wa kupoa.

Watengenezaji wanalifahamu jambo hili fika. Ndiyo sababu chaja ya kasi haipeleki mkondo mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kasi huwa kubwa betri ikiwa karibu tupu, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua kadiri inavyojaa. Aidha, vipimajoto vilivyomo simuni huamuru mkondo upunguzwe joto linapozidi. Kampuni ya OPPO, kupitia teknolojia yake ya VOOC ya mwaka wa 2014, ilihamishia sehemu ya kazi ya kurekebisha umeme kwenye chaja, ili joto la kazi hiyo libaki nje ya simu. Kampuni nyingine huigawa betri katika seli mbili ili mzigo upungue.

Je, Joto Hudhuru?

Jibu ni ndiyo. Juu ya grafiti huwa na utando mwembamba unaoilinda. Joto huharakisha mabadiliko ya kikemia yanayounenepesha utando huo, nao kadiri unavyonenepa ndivyo unavyozidi kumeza lithiamu na kuongeza ukinzani. Kulingana na makadirio yanayonukuliwa sana, seli iliyojaa kabisa ikihifadhiwa kwa mwaka mmoja katika nyuzijoto 25 za Selsiasi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Katika nyuzijoto 40 hubaki na takriban asilimia 65. Lakini seli iliyojazwa asilimia 40 tu, katika nyuzijoto hizo 40, hubaki na takriban asilimia 85. Funzo hapa ni bayana: joto na ujazo kamili vikikutana, madhara huzidi.

Mkondo mkubwa una dhara lake jingine hata pasipo joto. Ioni zikifika kwa wingi kuliko uwezo wa grafiti wa kuzipokea, baadhi hugeuka kuwa lithiamu ya metali juu yake. Hatari hii huwa kubwa zaidi betri ikiwa baridi. Hivyo basi, uvuguvugu wa wastani wakati wa kuchaji si adui. Adui ni joto kali linalodumu.

Kuna dhana moja inayofaa kusahihishwa. Simu za Samsung Galaxy Note 7 zilipowaka moto mwaka wa 2016, baadhi ya watu walilaumu chaji ya kasi. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulibaini kuwa chanzo kilikuwa kasoro za muundo na utengenezaji wa betri zenyewe.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba chaji ya kasi, katika simu iliyoundwa kwa ajili hiyo na kwa chaja inayoafikiana nayo, huongeza uchakavu kwa kiasi kidogo tu. Madhara makubwa hutokea joto la chaji linapoongezewa joto jingine: simu inapochajiwa chini ya mto, juani, ndani ya gari lililofungwa madirisha, au huku mwenyewe akicheza michezo au kutazama filamu. Kampuni ya Apple huonya dhidi ya kuitumia simu mahali penye zaidi ya nyuzijoto 35. Mkaazi wa Lodwar au Garissa, ambako joto la mchana aghalabu hufikia kiwango hicho, ana sababu ya kuchaji usiku au alfajiri kuliko adhuhuri.

Kwa hivyo, mwenye haraka asiogope kuitumia chaja ya kasi, bali aiweke simu mahali pakavu penye hewa, avue kifuniko chake ikipata moto, na aichomoe ikifika takriban asilimia 80 ikiwa hana haja ya zaidi. Asiye na haraka atumie chaja ndogo. Kinga ni bora kuliko tiba, na betri iliyochakaa haina tiba ila kununua nyingine.