Faulo ya mtupaji: Mtupo huanzia wapi?

MASHABIKI wa mpira wa kikapu, wawe wa Kilwa Masoko, Lindi mjini au Dar es Salaam, hubishana mara kwa mara juu ya swali moja: mchezaji aliyechezewa faulo alikuwa tayari anatupa, au alikuwa bado anajiandaa?

Ubishi huo si mdogo, kwani jibu lake linaweza kuamua mshindi. Tuseme timu ya Kilwa inaongoza kwa pointi 60 dhidi ya 58 za Lindi, zimesalia sekunde tano, na Kilwa wamecheza faulo mbili tu katika robo hiyo. Mchezaji wa Lindi anapigwa mkono akiwa nje ya mstari wa pointi tatu.

Mwamuzi akiona alikuwa anatupa na mpira haukuingia, humpa mitupo huru mitatu. Akiifunga yote, Lindi wanaongoza. Mwamuzi akiona mtupo ulikuwa haujaanza, Lindi hurusha tu mpira kutoka nje ya uwanja. Kwa faulo ya namna hiyo, mitupo huru miwili hutolewa kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo.

Kwa mujibu wa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), mtupo wa kawaida huanza pale mchezaji, kwa maoni ya mwamuzi, anapoanza kuuinua mpira kuelekea kikapu cha wapinzani. Si lazima awe amekwisharuka. Hata akishikwa mkono akashindwa kuuachia mpira, bado huhesabiwa kuwa alikuwa anatupa.

Kwa mchezaji anayekimbilia kikapu, mtupo huanza mpira unapotulia mikononi mwake, baada ya kuudunda au kuudaka hewani, naye akaanza mwendo wa kutupa. Anayegongwa angali anadunda hana dai la mtupo.

Mtupo huisha mpira unapotoka mkononi. Kwa aliyeruka, huisha miguu yote miwili inaporudi chini. Lakini aliyechezewa faulo kisha akatoa pasi hahesabiwi tena kuwa alikuwa anatupa. Mpira ukiingia licha ya faulo, kikapu huhesabiwa na huongezwa mtupo huru mmoja.

Mtazamaji asihukumu kwa sauti ya filimbi, ambayo huchelewa kidogo. Atazame mpira ulikuwa wapi wakati mkono wa mlinzi ulipogusa.