Kuzisoma Jeni Zilizo Kazini

Chembe hai ya jicho na chembe hai ya ini zina jeni zile zile, kwa kuwa zote zimetokana na yai moja lililotungishwa. Mbona basi moja hupokea mwanga na nyingine husafisha damu? Jibu ni kwamba jeni hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, lakini kila chembe huamsha baadhi tu na kuziacha nyingine zimelala.

Jeni inapofanya kazi, maagizo yake hunakiliwa katika molekuli iitwayo RNA. Kwa hiyo atakaye kujua jeni ipi imeamka hana budi kupima wingi wa nakala hizo. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza njia ya kupima nyingi kwa mara moja. Walipanga juu ya kioo vitone vya DNA vya jeni 45 za mmea mdogo. Kisha RNA ya mmea huo ilinakiliwa kuwa DNA, ikatiwa rangi ing'aayo na kumiminwa juu ya kioo, na kila nakala ikanasa kwenye kitone cha jeni yake. Kadiri kitone kilivyong'aa, ndivyo jeni ilivyokuwa ikifanya kazi.

Je, maarifa haya yamfaa nini mgonjwa? Tuchukue saratani ya matiti. Baada ya kupasuliwa, wanawake wengi hupewa dawa kali ambazo huleta kichefuchefu na kunyonyoa nywele, ingawa baadhi yao wangepona bila ya dawa hizo. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa hali ya jeni 70 za uvimbe yaweza kudokeza kama ugonjwa utaenea.

Jambo hilo lilijaribiwa kwa wanawake 6,693 wa Ulaya, na matokeo yakatolewa mwaka 2016. Wanawake 1,550 walikuwa na hatari kubwa kwa vipimo vya kawaida, bali jeni za uvimbe wao zilionyesha hatari ndogo. Kwa kura, baadhi walipewa dawa na wengine hawakupewa. Miongoni mwa wasiopewa, asilimia 94.7 walitimiza miaka 5 wakiwa hai bila ya ugonjwa kuenea mbali. Waliopewa waliwazidi kwa asilimia 1.5 hivi tu. Lakini ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa, baada ya miaka 8, tofauti hiyo ilifikia asilimia 5 hivi kwa wanawake wasiozidi umri wa miaka 50.

Basi kioo hakimwamulii mtu. Humpa daktari na mgonjwa wake hesabu ya kupima faida na madhara, kisha shauri hubaki kuwa lao.