Sura ya Sita: Mlima Ulipokuwa Silaha

Ukiitazama Zahara de la Sierra kutoka ukingoni mwa bwawa la mto Guadalete, unaona nyumba nyeupe zimepandana ubavuni mwa jabali hadi mahali ambapo mwamba unasimama wima. Juu kabisa, kando ya mabaki ya kuta, umesalia mnara mmoja wa mawe. Mwendesha baiskeli anayefika hapa na jasho lake hujiuliza kwa nini watu hawa hawakujenga bondeni, penye maji na udongo wa kulima. Jibu linaeleza karibu kila mwinuko unaochoma mapaja katika eneo hili la kusini mwa Hispania.

Kuanzia katikati ya karne ya 13 hadi mwishoni mwa karne ya 15, milima ya Cádiz na Ronda ilikuwa mpaka. Mashariki ulikuwapo ufalme wa Kiislamu wa Granada chini ya ukoo wa Banu Nasr; magharibi ilikuwapo Castilla ya Wakristo. Mpaka wenyewe ulisogea kila kizazi. Olvera ilitwaliwa na mfalme Alfonso XI mwaka 1327. Zahara iliangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1407, na usiku mmoja wa Desemba 1481 wapiganaji wa Sultani Abu al-Hasan Ali wakaikomboa. Castilla ilijibu miezi miwili baadaye kwa kuiteka Alhama, na vita vilivyoanzia hapo vilikwisha tarehe 2 Januari 1492, Granada yenyewe iliposalimu amri.

Katika nchi ya namna hiyo, anayelala bondeni huamshwa na kwato za farasi wa adui. Kijiji kilitafuta jabali lenye ubavu mmoja tu unaopandika, na mnara wake ukawekwa mahali ambapo mlinzi angeweza kuona moshi wa mchana au moto wa usiku kutoka mnara wa jirani. Njia ya kuingilia iliachwa kali. Askari aliyebeba ngao na upanga, akipanda ubavu huo chini ya jua la Andalucía, alifika ukutani nusu ya nguvu zake zimekwisha kabla hajapiga pigo la kwanza. Uchovu wa adui ulikuwa sehemu ya boma.

Uchovu huo una hesabu zake, na anayekuja kwa baiskeli huzielewa haraka kuliko anayekuja kwa basi la watalii. Mwinuko wa barabara huandikwa kwa asilimia: asilimia 7 maana yake kila mita 100 unazosogea mbele unapanda mita 7. Kwenye tambarare mshindani wako ni hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, msukumo wake dhidi yako huongezeka mara nne, na nguvu ya kuushinda huongezeka mara nane. Ndiyo sababu waendeshaji hujificha mmoja nyuma ya mwingine. Mlimani kasi inashuka na hewa inakuacha. Unabaki na uzito: wako, wa baiskeli, wa chupa za maji na wa vyote ulivyopakia mifukoni.

Tuchukue mlima unaozungumzwa kuliko yote katika eneo hili, Puerto de las Palomas. Kutoka Zahara barabara inapanda karibu mita 800 ndani ya kilomita 12 hivi, hadi zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa kilo 75 kwenye baiskeli ya kilo 8, akienda kilomita 10 kwa saa, anahitaji takriban wati 150 kuushinda uzito peke yake, na nyingine 15 hivi kwa msuguano wa tairi na hewa. Atakuwa mlimani kwa saa moja na robo. Kazi ya kuuinua mzigo huo hadi juu ni kama kilojuli 650, na kwa kuwa mwili hugeuza robo tu ya chakula kuwa mwendo na kuipoteza iliyobaki kwa joto, atachoma zaidi ya kalori 600. Asiyekula kabla ya kuanza kupanda atalijua hilo karibu na kona za mwisho.

Namba hizi zinanipa moyo, na ningependa zimpe moyo msomaji pia. Wati 165 zinawezekana kwa mtu mzima mwenye afya aliyefanya mazoezi kwa miezi kadhaa, mradi gia zimruhusu. Baiskeli ya barabarani iliyoandaliwa kwa milima huwa na duara dogo la mbele lenye meno 34, na la nyuma lililo kubwa kuliko yote lina meno 34 pia. Cheni ikiwa juu ya hayo mawili, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, yaani mita 2.1. Zungusha mara 80 kwa dakika na utakuwa unakwenda kilomita 10 kwa saa, kasi ile ile ya hesabu yetu. Duara la nyuma likiwa na meno 25 tu, kasi hiyo hiyo itakulazimisha kuzungusha chini ya mara 60, na kila msukumo utalilemea goti. Watu wengi wanaorudi kutoka milima ya Hispania wakilalamikia magoti walishindwa na gia, wala si na mlima.

Baada ya gia, la pili ni kujua kugawa nguvu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia baiskeli Kenya chini ya David Kinjah, alishinda mbio za kuizunguka Hispania, Vuelta a España, mwaka 2017. Ushindi wa mwaka 2011 alikabidhiwa mwaka 2019, baada ya matokeo ya aliyemtangulia kufutwa. Alijulikana kwa kupanda kwa nguvu isiyobadilika. Washindani waliporuka mbele kwa ghafla, mara nyingi aliwaacha waende, akashika mwendo wake, kisha akawakuta mbele wakiwa wamelegea. Ni somo linalofaa Palomas, kwa sababu kilomita za kwanza nje ya Zahara zinamdanganya mtu mwenye miguu mipya. Ukipanda ukiwa bado unaweza kutamka sentensi nzima, utafika juu.

Upande wa pili wa kilele kuna Grazalema, na mteremko wa kuifikia ni mfupi. Hapa ndipo pepo za Atlantiki zilizobeba unyevu hukutana na milima mirefu kwa mara ya kwanza. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, inaachia maji. Grazalema hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, katika jimbo ambalo wakati wa kiangazi linakauka hadi nyasi zinageuka rangi ya majani makavu ya ngano. Mvua hiyo inalisha msitu wa pinsapo, mti wa kale wa jamii ya misonobari unaoota kiasili katika milima michache tu. UNESCO iliitangaza milima hii kuwa hifadhi ya viumbe mwaka 1977. Juu ya barabara tai walao mizoga huelea bila kupiga bawa, na unapopanda polepole una muda wa kuwatazama vizuri.

Anayetoka Grazalema kwenda Zahara ana kazi tofauti. Zile kilojuli 650 lazima ziende mahali. Sehemu huchukuliwa na hewa, na iliyobaki hugeuka joto kwenye breki. Kushika breki mfululizo kwa kilomita nzima ni kuzipika. Mjuzi hubana kwa nguvu kabla ya kona, huachia ndani ya kona, na macho yake huwa yamekwisha kufika pale anapotaka kutokea. Baada ya mvua tope na kokoto huteremkia barabarani, na mbuzi hawajui upande wa kulia wa barabara.

Kona hizo zinastahili maneno zaidi. Kupanda mita 800 moja kwa moja kungetaka njia kali kuliko hii kwa mbali. Barabara inajikunja ili iwe ndefu, na urefu ndio unaolainisha mwinuko. Majeshi ya mfalme Fernando na malkia Isabel wa Castilla, waliopigana vita vile vya mwisho, yalilijua hilo kwa taabu. Mwaka 1407, kabla ya enzi yao, ngome ya Setenil ilizingirwa na jeshi la Castilla na ikakataa kuanguka. Mwaka 1484 iliangukia mizinga mizito, na Ronda ikafuata Mei 1485. Lakini mzinga haupandi genge. Ili kuifikisha mizinga mbele ya kuta za milimani, maelfu ya watu wenye sururu na majembe walitangulizwa kukata njia na kujaza mabonde. Ngome ambazo ukali wa mlima uliwahi kuzilinda kwa vizazi zilishindwa pale mlima ulipotengenezewa barabara.

Setenil ya leo ni kijiji cha kushukia, wala si cha kupandia. Nyumba zake zimeingizwa chini ya mwamba unaoning'inia juu ya mto, na katika mtaa wa Cuevas de la Sombra mwamba huo umefunika njia nzima. Ni mahali pazuri kuliko pote pa kunywa kahawa saa sita mchana.

Karne ya 20 ilijaribu dawa nyingine. Katika miaka ya 1920 ilianza kujengwa reli ya kuipita milima hii, na kwa kuwa treni haiwezi mwinuko mkali, wahandisi walitoboa mahandaki 30 kati ya Olvera na Puerto Serrano. Hakuna treni iliyowahi kupita. Leo kilomita hizo 36 ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, Vía Verde de la Sierra, ila si kila mahali panafaa tairi nyembamba za barabarani.

Weupe wa vijiji ni wa chokaa. Inarudisha jua, inaua wadudu ukutani, na inapakwa upya mara kwa mara. Mtu wa Lamu au Unguja atauelewa ukuta wa Olvera bila mkalimani, ingawa chokaa ya kwao ilichomwa kutokana na matumbawe.

Barabara za hapa zina adabu kuliko nyingi nilizozijua. Sheria ya Hispania inamtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache angalau mita 1.5, inawaruhusu waendeshaji kwenda wawili wawili, na kundi lililokwisha kuingia kwenye makutano huhesabiwa kuwa chombo kimoja. Chakula hakina shida: karibu na njia kuna venta, mkahawa wa wasafiri, ambapo mkate uliochomwa, mafuta ya zeituni na nyanya iliyosagwa vinatosha kilomita nyingine 40. Epuka Julai na Agosti, joto linapoweza kupita nyuzi 40. Machi hadi Mei panapendeza, na Oktoba pia.

Mzunguko ninaoupendekeza unaanza Ronda, mbele ya daraja la Puente Nuevo lililokamilika mwaka 1793, mita 98 juu ya korongo. Elekea Setenil, kisha Olvera, pitia Algodonales hadi Zahara, panda Palomas, shukia Grazalema na urudi Ronda: zaidi ya kilomita 100. Kwa mpangilio huo Palomas inakukuta miguu imeshafanya kazi. Anayetaka kuikuta akiwa na nguvu zote alale Zahara, aondoke alfajiri kabla jua halijafika kwenye jabali, na aanze na gia nyepesi kabisa tangu kona ya kwanza.