Pete ya mazoezi nyumbani: Ipime kwa mikono kabla ya kuilipia

Mjini Tunduma, kina mama wengi hushinda wameketi: nyuma ya meza ya duka, kwenye cherehani, au pembeni ya mizigo inayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Jioni kiuno huuma na nyonga hukaza. Mwili ni amana na una haki yake, lakini si kila mama anaridhika kukimbia kando ya barabara kuu iliyojaa malori, wala si kila mmoja hupata faragha anayoitaka katika ukumbi wa mazoezi. Chumba cha nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, ndicho kiwanja kinachomfaa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani, mfano kutembea kwa haraka, si chini ya dakika 150 kwa wiki, na kuimarisha misuli angalau siku 2. Sehemu hii ya pili ndiyo isahaulikayo, na ndipo pete ya Pilates inapokuwa na manufaa.

Pete hiyo inatokana na mazoezi ya Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki New York mwaka 1967. Ni duara lenye upana wa sentimita 35 hadi 38 hivi, lenye vishikio viwili vinavyoelekeana. Ukilibana kwa viganja au mapaja, hukinza kama springi, ukiliachia, hurudi. Misuli hufanya kazi wakati wa kubana, na hufanya kazi pia wakati wa kuachia polepole.

Mnunuzi na azingatie mambo manne.

Kwanza, ugumu. Pete ngumu mno haimjengi anayeanza; humfanya ainue mabega na kuzuia pumzi. Ishike mbele ya kifua, uibane mara 10. Ikiwa unaweza kuibana na kuirudisha bila kutetemeka, hiyo ni yako.

Pili, kilichotumika kuitengeneza. Pete za utepe wa chuma ni nzito na hudumu; za fibaglasi ni nyepesi, lakini zikipata ufa hutoa vibanzi vinavyochoma. Pitisha kidole kuizunguka yote, kisha sikiliza inapobanwa. Ikialika, iache.

Tatu, vishikio. Viwe na sponji nje na ndani. Sponji ya nje ni ya kubana. Ya ndani ni ya kusukuma kwa miguu kuelekea nje, zoezi linaloimarisha nyonga kwa pembeni. Kishikio kinachocheza kinaweza kuchomoka ghafla na kumpiga mtu usoni.

Nne, umbo. Ikishaachiwa, pete irudi kuwa duara kamili. Iliyopinda dukani haitanyooka nyumbani.

Tahadhari haina budi kutangulia. Mama aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, asianze kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Hudhurio la siku ya 42 ni wakati mzuri wa kuuliza. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu na mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi mguuni nao waulize kwanza. Wakati wa kubana, toa pumzi; usiizuie. Maumivu ya kiungo si dalili ya mafanikio, ni amri ya kusimama.

Je, asiye na fedha ya pete? Asikate tamaa, wala asiipunguze posho ya jikoni kwa ajili yake. Alale chali, akunje magoti, aweke mto uliokunjwa kati ya magoti na aubane kwa sekunde 5, mara 10. Kisha afunge kanga kuzunguka mapaja na asukume magoti kuelekea nje kwa muda uleule. Mto na kanga havina springi, lakini misuli ya mapaja na nyonga itafanya kazi. Akidumu hivyo kwa mwezi mmoja, siku 2 au 3 kwa wiki, atakuwa amejua jambo ambalo muuzaji hawezi kumwambia: kama pete ataitumia kweli, au itaishia kutundikwa msumarini.