Sufuria ya Maharagi na Msitu wa Virunga

Alfajiri mjini Goma, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Rwanda, twasikia magurudumu ya mti yakilia juu ya mawe meusi ya volkano. Ni chukudu, lile gari la magurudumu mawili ambalo ni fahari ya vijana wa Kivu. Juu yake yamepangwa magunia yaliyojaa hata midomo yao imezibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Ndani yake mna makala, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita mkaa, na wale wa Kenya makaa. Baada ya saa chache makala hayo yatakuwa sokoni, na jioni yatawaka chini ya sufuria za maharagi katika nyua za Birere, Majengo, Katindo na Ndosho. Nani kati yetu hajala maharagi yaliyopikwa hivyo?

Wasomaji wapenzi, leo twataka kusema habari ya sufuria hiyo. Watu wengi wasikiapo habari ya kulinda misitu hudhani kwamba ni shauri la wazungu na la walinzi wa hifadhi, au shauri la wanyama tu. Sivyo. Ni shauri la jikoni. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja hupika kila siku, na kila siku moto wake hula miti. Asiyeijua sufuria ya maharagi hawezi kuuelewa msitu wa Virunga.

MAKALA YATOKA WAPI?

Mchomaji hukata miti, huipanga chini, huifunika kwa majani na udongo, kisha huiwasha na kuiacha ifukize siku nyingi bila kuwaka. Kazi hiyo ni ngumu, na hasara yake ni kubwa. Katika tanuru la namna hiyo, kilo 100 za mti hutoa makala kilo 10, au 20 kama mchomaji ni fundi. Sehemu iliyobaki hupotea kwa moshi na mvuke. Basi mama anunuapo gunia moja la makala, kwa kweli amenunua mti mkubwa, ingawa macho yake hayauoni.

Makala mengi ya Goma hutoka upande wa Rutshuru na upande wa Masisi, na sehemu kubwa hukatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, ijapokuwa sheria yakataza. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, na ndiyo ya kwanza katika Afrika. Mwaka 1979 iliandikwa miongoni mwa urithi wa dunia. Lakini tangu mwaka 1994 imeandikwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu tunaijua sote. Mwezi wa Julai mwaka huo wakimbizi mamia ya maelfu walivuka mpaka kutoka Rwanda wakapiga kambi Kibumba, Mugunga, Katale na Kahindo, kando ya msitu. Walihitaji kupika. Kila siku maelfu kwa maelfu ya watu waliingia msituni wakatoka na mizigo ya kuni, tani mamia kwa siku. Hatuwalaumu, maana mtoto mwenye njaa hangoji mti ukue. Lakini milima ilibaki mitupu.

Baadaye biashara ya makala ikawa mali ya wenye bunduki, ambao huwatoza ushuru wachomaji na wachukuzi. Mwezi wa Julai mwaka 2007 gorila kadhaa waliuawa kwa risasi hifadhini, wala hawakuliwa nyama yao. Uchunguzi uliofuata ulielekea kwa watu wa biashara ya makala, ambao gorila na walinzi wao walikuwa kizuizi kwao.

GHARAMA ISIYOONEKANA SOKONI

Bei ya gunia hutajwa kwa faranga, lakini kuna bei nyingine isiyotajwa. Mwaka 2023 na mwaka 2024, vita vilipowasukuma tena watu wengi katika kambi za kandokando ya Goma, wanawake walikuwa wakienda msituni kutafuta kuni za kupikia au za kuuza. Wengi walivamiwa na kunajisiwa njiani. Madaktari Wasio na Mipaka, waliowatibu, walilitangaza jambo hilo waziwazi. Mama alijua hatari, naye alikwenda, kwa sababu watoto walikuwa hawajala.

Tena kuna moshi. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa ajili ya moshi wa majikoni. Makala hayatoi moshi mwingi kama kuni, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wa Goma waijua mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini na kukaa mabondeni, ambayo huua kondoo na hata watoto. Hewa ya mbabula ni ya namna nyingine, lakini nayo huua kimya. Haifai kabisa kuingiza mbabula yenye moto chumbani usiku kwa sababu ya baridi na kufunga mlango. Wanafunzi, waambieni wazazi wenu jambo hili leo jioni.

SWALI LA MAMA MMOJA

Siku moja tulikuwa tukiyasema haya mbele ya akina mama waliokusanyika baada ya Misa. Tulisema sana, kama ilivyo desturi ya walimu. Tulipomaliza, mama mmoja muuza makala alisimama akasema kwa heshima: "Mwalimu, tumesikia. Mwatuambia tuache makala. Je, tupike kwa maneno?" Wenzake walicheka, nasi tulicheka pia, lakini tulikuwa hatuna jibu. Mama yule alisema kweli. Amri isiyoleta moto mwingine haiwezi kuivisha maharagi. Tangu siku hiyo tumejifunza kutosema habari ya msitu pasipo kusema habari ya jiko.

Moto mwingine upo, na hapa petu umekwisha kujaribiwa kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kupanda miti ya kuchomwa. Mwaka 2007 ulianza mradi wa EcoMakala, ambao shirika la WWF liliuendesha pamoja na vyama vya wakulima wa Kivu ya Kaskazini. Mkulima hupanda mikaratusi na miti mingine ikuayo upesi katika shamba lake mwenyewe, na baada ya miaka michache huikata, huchoma makala na kuyauza kwa halali. Maelfu ya hekta yalipandwa. Njia hii haimnyang'anyi mchomaji kazi yake, bali yaitoa kazi hiyo hifadhini na kuileta shambani.

Njia ya pili ni jiko lisilokula sana. Mbabula ya bati tupu hutupa joto lake pande zote. Mwaka 1981 ulifanyika mjini Nairobi mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya nguvu mpya za moto na umeme, na katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya walitengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani. Udongo hushika joto na kulirudisha kwenye sufuria. Jiko la namna hiyo, likitumiwa vizuri, huokoa theluthi ya makala, na pengine nusu. Mafundi wa Goma nao hutengeneza majiko kwa akili hiyohiyo. Bei yake ni kubwa kuliko ya mbabula, lakini hurudi kidogo kidogo katika makala yasiyonunuliwa.

Njia ya tatu ni briketi, yaani mabonge yaliyoshindiliwa kwa takataka. Hifadhi ya Virunga ilianza kuzieneza kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, kwa mashine za mti zisizohitaji umeme. Majani makavu, maganda, unga wa msumeno na karatasi kuukuu hulowekwa, hutwangwa, hushindiliwa mpaka maji yatoke, kisha mabonge huanikwa juani. Hapa yafaa tuseme kweli yote: briketi ya majani haina joto sawa na la makala, hutoa moshi zaidi ikiwa mbichi, na wakati wa masika haikauki upesi. Lakini mali yake hutupwa bure kila siku sokoni na penye misumeno.

Njia ya nne ni umeme. Mwezi wa Desemba mwaka 2015 mtambo wa Matebe, katika wilaya ya Rutshuru, ulizinduliwa. Maji ya mto huzungusha mashine zenye nguvu ya megawati 13.8, na nyaya zake zilifika hata Goma. Kuna pia gesi iliyolala chini ya Ziwa Kivu: ng'ambo ya Rwanda ilitumiwa katika kiwanda cha pombe cha Gisenyi tangu miaka ya 1960, na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt umeitumia kutoa umeme wa megawati 26. Lakini si kila nyumba iwezayo kulipa waya na jiko la umeme. Tena mwezi wa Januari mwaka 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, umeme na maji vilikatika, na watu wakarudi kwenye makala. Kumbukeni vilevile kwamba mto usio na msitu kichwani mwake hufurika wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi. Hivyo hata umeme wategemea miti.

Twaona basi kwamba hakuna njia moja iponyayo yote. Nyumba yenye busara itakuwa na mioto miwili: umeme au briketi kwa siku ziwezekanazo, na makala machache katika jiko zuri kwa siku nyingine. Kila nyumba ikipunguza nusu ya gunia lake, hiyo ni miti mingi sana itakayobaki imesimama.

SIKU YA MAJIKO

Je, watu watakubalije? Si kwa hotuba. Mama hubadili jiko lake akiona sufuria ya jirani ikichemka. Kwa hiyo twashauri kila parokia, kila shule na kila shirika la mtaa lifanye siku moja ya majiko, tena wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni au Julai, ambapo briketi hukauka.

Mambo yaende hivi. Wekeni uani majiko matatu: mbabula ya kawaida, jiko lenye udongo, na jiko la briketi. Kila moja lipewe sufuria sawa, maji sawa na maharagi sawa yaliyolowekwa usiku kucha. Pimeni makala na briketi kwa mizani kabla ya kuwasha, na mpime tena yaliyobaki maharagi yakiiva. Wanafunzi waandike saa na uzito ubaoni, wafanye hesabu ya faranga mbele ya wote. Hesabuni gharama, si kilo tu, maana kilo ya briketi haiwezi kulingana na kilo ya makala. Matokeo yoyote yasomwe jinsi yalivyo, hata yasipotufurahisha. Watu wakishuku hesabu hiyo, hawatarudi tena.

Onyesheni pia kikapu cha joto, kisicho na gharama. Maharagi yaliyolowekwa yakichemka kwa nguvu nusu saa, sufuria huondolewa motoni ikiwa imefunikwa, na kutiwa katika kikapu kilichojaa majani makavu ya ndizi na nguo kuukuu. Maharagi huendelea kuiva bila moto. Mwisho wake chakula chote kiliwe pamoja, maana siku isiyo na chakula haikumbukwi.

Wakiisha kula, waandikwe watakaopanda miti mvua zirudipo. Katika Kongo tarehe 5 Desemba ni siku ya taifa ya mti, nayo huangukia wakati ardhi ina maji. Lakini tujihadhari na sherehe tupu. Tarehe 5 Juni 1977 mama Wangari Maathai, aliyesomeshwa na watawa huko Kenya, alipanda miti saba pamoja na wenzake mjini Nairobi. Mingi ya miti hiyo ilikufa. Yeye hakukata tamaa: aliwaendea wanawake vijijini, nao wakaotesha miche na kuitunza, hata alipopewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2004 ilikuwa imepandwa miti zaidi ya milioni 30. Kazi iliyofanikiwa ni ile ya kurudi na maji baada ya sherehe. Kila mche basi upewe mtoto mmoja mwenye kuujibia.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikiwa pamoja. Sisi wa Goma hatuhitaji kwenda mbali kuelewa maneno hayo. Twayaona barabarani kila alfajiri, juu ya chukudu.

Mama yule muuza makala bado yuko sokoni. Ana watoto wa kusomesha, na hatutaki apoteze riziki yake. Huenda kesho atauza makala ya miti iliyopandwa, na kando yake briketi zilizotengenezwa na vijana wa mtaa wake. Siku yetu ya majiko tutamwalika yeye kwanza, tumpe kiti cha mbele karibu na mizani, maana yeye ndiye aliyeuliza.