Asiyelewa haraka ndiye wa kujihadhari

Gongo ya Tanzania huitwa chang'aa ikifika Kenya, na Uganda utauziwa waragi. Jina hubadilika mpakani, lakini kazi ya ini ni ile ile pande zote.

Kimeng'enya kimoja hugeuza kilevi kuwa asetaldehidi, sumu inayoleta kichefuchefu na kuufanya moyo uende mbio. Kingine huivunja sumu hiyo. Kasi ya kazi hizo hutegemea jeni ambazo mtu amerithi. Huko China, Japani na Korea, wengi wana jeni ya ALDH2 iliyo dhaifu: wakinywa kidogo tu uso huwa mwekundu na tumbo huchafuka, hivyo huacha mapema. Waafrika nao wana kinga yao. Aina moja ya jeni ya ADH1B, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, hupunguza hatari ya ulevi. Lakini si kila mtu anayo.

Mwaka 1973, Donald Goodwin na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanaume wa Denmark waliolelewa na familia nyingine tangu utotoni. Waliozaliwa na mzazi mlevi walikuwa walevi karibu mara nne zaidi ya wenzao, ingawa hawakulelewa naye. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa takriban nusu ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Nusu nyingine hutokana na maisha: umri wa kuanza kunywa, marafiki, msongo wa mawazo na urahisi wa kuipata pombe.

Nchini Marekani, Dkt. Marc Schuckit aliwapima vijana baada ya kuwapa kilevi. Miaka 10 baadaye, wale ambao pombe iliwagusa kidogo ndio walionaswa zaidi na ulevi. Mwili usiotoa onyo humwacha mtu aongeze chupa.

Hilo linamhusu mfanyabiashara anayekesha Namanga au Malaba akisubiri mzigo utolewe, huku akisifiwa kuwa hayumbi. Kutoyumba hakupunguzi kilevi kilichomo kwenye damu, wala hakumpi ruhusa ya kushika usukani.

Hakuna jeni moja ya ulevi. Swali la kuanzia ni rahisi: nani katika ukoo alishindwa na pombe? Mwenye jibu ana sababu ya kupunguza mapema. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona mganga wa zahanati, kwani anaweza kupata degedege.